Kumgeuza Ogle

Nairobi
Ijumaa, 8 Novemba 1996

Binti yangu Ruweyda,

Assalamu alaykum. Soma barua hii ukiwa ofisini, mlango umefungwa, halafu uiweke mahali ambapo kaka yako Salah hatii mkono.

Salah anadhani niko Eastleigh nikishughulikia karatasi za Hija. Sijafika kwa huyo wakala hata mara moja. Kesho asubuhi napanda ndege kwenda Bama, nchi niliyopigana vita nikiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Huko nitapanda meli ya watalii inayoteremka mto Irawadi siku kumi, ikisimama kwenye mahekalu ya kale ya Wabuda na kwenye vijiji vya mtoni. Nauli amelipa Bi Helen, binti wa kapteni wetu wa KAR, lile jeshi la Waingereza. Kapteni alifariki mwaka jana, na binti yake anataka kupaona mahali baba yake alipopigana. Alinitafuta kupitia chama cha wazee wa jeshi, kwa sababu katika kikosi chetu nimebaki mimi tu ninayesimama bila kushikwa.

Najua utakayosema. Nina miaka sabini na mbili, goti la kushoto limekufa, na mwenye akili angekwenda Maka. Nimeyasikia yote kwa sauti yako tangu basi la msafara lilipovuka daraja la Tana. Hata afisa wa pasipoti alinichosha. Alitaka kadi ya uchunguzi wanayotudai sisi Wasomali, akataka jina la babu wa babu yangu, akataka nithibitishe kwamba mimi ni Mkenya. Nikamwekea nishani ya vita mezani nikamwambia aithibitishe yeye. Alipiga muhuri.

Hoyo, mama yako, mwambie nimebaki Nairobi kutibiwa macho. Meli ina mashine ya faksi, namba nimeiandika nyuma. Bi Helen anasema karatasi ikiingia kwenye mashine ya shirika lenu hapo Garissa inatokea kwetu dakika hiyo hiyo. Niandikie Kiswahili kama kawaida yetu. Ndicho nilichofundishwa kuandika jeshini, na karani wa meli hakijui.

Baba yako,
Abdilatif


Garissa
Jumanne, 12 Novemba 1996

Aabo,

Wa alaykum salaam. Macho yanaendeleaje? Nauliza kwa sababu Hoyo ananiuliza kila asubuhi, na nimeshalazimika kukubunia daktari. Ni Mhindi, ana ndevu, ni mkali lakini ana mkono mwepesi. Jana Hoyo alimwombea dua.

Salah amejua. Wakala wa Hija alimpigia simu kuuliza mzee yuko wapi, na Salah si mtu wa kuulizwa swali mara mbili. Sasa anakuja hapa ofisini kila siku, anakaa kwenye kiti cha wageni mkabala na mashine, anaitazama kama mtu anayengoja ng'ombe azae. Mjini nako habari zimefika. Leo Shamso, yule muuza maziwa wa mtaa wetu wa Galbet, alinishika mkono mbele za watu akaniambia, "Ruweyda, nasikia mze wako amebanda boti ya masanamu. Hija amewacha, masanamu ameenda. Ni kweli ama ni watu tu?" Nikamwambia ni watu tu.

Mimi si Salah, sikukatazi. Lakini nachukia kudanganya bila kujua ninadanganya kwa ajili ya nini. Mtu wa umri wako hafungi safari kama hiyo ili kumwonyesha mwanamke wa Kizungu mchanga wa mtoni. Unafuata nini huko? Ukinijibu kwa mzaha nitampa Salah namba ya faksi.

Binti yako,
Ruweyda


Melini, Mandalay
Alhamisi, 14 Novemba 1996

Ruweyda,

Macho yangu yanaona vizuri mno, mpe salamu daktari wako. Yameona mto mpana kuliko Tana wakati wa mafuriko, maji rangi ya chai ya maziwa, na kila kilima kina mnara mweupe au wa dhahabu. Leo tulikuwa Mingun. Mfalme mmoja wa zamani alianza hapo kujenga hekalu la kuwashinda wote, akafa kabla hajamaliza, likabaki lundo la matofali ambalo tetemeko lililipasua. Karibu yake kuna kengele ya shaba inayoweza kumeza nyumba yetu. Watalii wanaigonga kwa gogo, nami nimeigonga mara tatu. Mwambie Shamso.

Kwenye mahekalu unavua viatu mlangoni. Mzee mmoja wa Kizungu alinung'unika kuhusu nyayo zake, nikamwambia mimi nimevua viatu mlangoni kwa Mungu tangu nizaliwe. Masanamu yao sikuyasujudia wala sikuyatukana. Wanawake wa vijijini wanajipaka usoni unga wa njano wa gome la mti, kama qasil yenu, na nilipomwona wa kwanza nikadhani nimeshuka Wajir.

Umeuliza ninafuata nini. Umeuliza vizuri, kwa hiyo nitajibu. Kuanzia hapa usimsomee mama yako.

Unajua kwamba Ogle, mtoto wa baba yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa mama yako. Walikuwa wameoana miezi mitatu tulipochukuliwa jeshini kutoka Hadado. Unajua alikufa Bama na mimi ndiye niliyemzika. Usichojua ni nilivyomzika. Ilikuwa Machi ya mwaka wa arobaini na tano, ukingo wa magharibi wa mto huu huu, na tulikuwa tumepewa nusu saa tuondoke. Nilichimba kwa koleo la jeshi. Kisha nikamwuliza sajini wetu, Mkamba, kaskazini ni upande gani. Alitoa dira, akanyoosha mkono, hakuuliza kwa nini. Nikamlaza Ogle kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini, kama watu wetu wote wanavyolala Hadado.

Kwetu Maka iko kaskazini, Ruweyda. Tulizaliwa hivyo, tukaswali hivyo, na katika kampuni ile Waislamu tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, hakuna wa kutusahihisha. Sikuwahi kufikiri kwamba Kibla inaweza kuwa upande mwingine. Wiki tatu baadaye nilikuwa hospitali India, mguu umefungwa, na mgonjwa wa kitanda cha pili, Mpunjabi, akatandika mkeka kuelekea machweo. Nikamwambia anakosea. Alicheka mpaka akashika kidonda chake. Halafu aliuona uso wangu akaacha kucheka.

Niliporudi Hadado, mama yako aliniuliza kama nilimwelekeza Ogle Kibla. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeshajua kwamba si kweli. Miezi mitatu baadaye akakubali niwe mume wake.

Nakwenda kumgeuza. Nimechelewa miaka hamsini na moja, lakini sijafa.

Baba yako,
Abdilatif


Garissa
Jumamosi, 16 Novemba 1996

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Abdilatif,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako ya tarehe 14 ilitoka kwenye mashine Ruweyda akiwa ameitwa stoo. Nimeisoma yote. Usimlaumu, alinipigia kelele mpaka walinzi wakaja.

Aabo, nakuandikia kwa heshima. Nilikuuliza miaka mitatu iliyopita kama unataka Hija, ukasema inshallah. Nimeihangaikia nafasi hiyo, nimewaambia watu msikitini kwamba mwaka huu baba yangu atakuwa Hajji. Sasa wananiuliza kama mahujaji siku hizi wanapitia kwa Mabuda. Nawajibu nini?

Nimekwenda kwa sheikh nikamweleza habari ya Ogle bila kutaja jina. Anasema maiti akizikwa kinyume cha Kibla hugeuzwa kama mwili haujaharibika. Ukishaoza, haigeuzwi mifupa, na aliyekosea kwa kutojua hana dhambi. Umesikia? Huna dhambi. Unakwenda kufukua kaburi la Mwislamu mbele ya watalii wenye kamera, kwa jambo ambalo Mungu ameshalisamehe.

Shuka kwenye meli hiyo. Usipokuwa Nairobi ifikapo tarehe 22, nafasi yako atapewa mtu mwingine. Na kama sitapata jibu lako kabla ya Jumatatu, nitamwambia Hoyo mwenyewe, kwa sababu si haki mwanamke wa umri wake kumwombea dua daktari ambaye hayupo.

Mwanao,
Salah


Melini
Jumapili, 17 Novemba 1996

Salah,

Wa alaykum salaam. Leo tumetembelea kijiji cha wafinyanzi. Kila nyumba inachoma vyungu vya maji chini ya majani na majivu, na wazee wanapewa kiti cha kwanza bila kuulizwa wametoka wapi. Nilikaa nikanywa chai yao, nikasoma barua yako mara ya pili, na mara ya pili ilinikasirisha zaidi.

Sheikh wako anasema sina dhambi. Mimi sikumwuliza. Sikuja huku kutafuta kusamehewa, na kama kumgeuza nako ni dhambi, iandikwe kwa jina langu, ninayo nafasi. Nilimweka mtu vibaya kwa mkono wangu. Mkono huo bado unashika koleo. Wewe ni mfanyabiashara wa mifugo. Ukimfunga ngamia wa mtu vibaya na ukajua, unalala?

Watu wa msikitini uwajibu hivi: baba yangu alipelekwa Bama na Waingereza bila kuulizwa, na hakuna aliyelalamika. Sasa amekwenda kwa hiari yake.

Kuhusu mama yako, umenitishia. Hilo nimeliona, na sitalisahau haraka. Siteremki.

Baba yako,
Abdilatif


Garissa
Jumatatu, 18 Novemba 1996

Aabo,

Nimemsomea Hoyo barua zako zote. Kuanzia pale ulipoandika nisimsomee, nikamsomea.

Nisikilize kabla hujakasirika. Salah alikuwa amesema angemwambia leo, na mimi najua angemwambiaje. Angeanza na sheikh, angemaliza na Hija, na Ogle angepotea katikati. Kwa hiyo nilimwahi. Jana alasiri nilimkuta Hoyo akifukiza vibuyu vya maziwa, nikakaa chini nikamwambia daktari wa macho hayupo. Akasema anajua. Nikasoma.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniomba nirudie pale ulipomwuliza sajini kaskazini ni wapi. Nikarudia. Akainuka, akamaliza kufukiza kibuyu kile alichokuwa nacho, akaenda kuswali. Tangu hapo hajanena neno kuhusu jambo hili. Chakula anakula, mbuzi anakamua, Salah akiingia anamwitikia salamu basi. Sijui kama amekasirika au anahuzunika. Nimeishi naye miaka thelathini na sijui.

Kama nimekosa, nimekosa. Lakini nisingeweza kuendelea kumwongopea mwanamke kuhusu mume wake mwenyewe, hata kwa ajili yako.

Ruweyda


Melini, Salay
Jumatano, 20 Novemba 1996

Ruweyda,

Nilikasirika, nikatembea sitaha nzima mara nne na goti langu hili, halafu hasira ikaisha. Ulifanya nilichopaswa kufanya mimi kabla hujazaliwa. Tuliache hilo.

Nimempata.

Jana tuliacha Bagan, ambako mahekalu yamesimama uwandani mengi kuliko vichuguu vya mchwa Hadado, na leo meli imetia nanga Salay. Asubuhi wenzetu walikwenda kuona nyumba ya watawa iliyochongwa yote kwa mbao. Mimi, Bi Helen na afisa wa serikali anayesafiri nasi kutuangalia tulivuka ng'ambo kwa boti ya kijiji. Nilikuwa na hofu moja. Mto huu hula kingo zake kila mwaka, na nilidhani nitakuta maji. Lakini mahali pale ni juu, penye changarawe, na mto haujafika.

Siku hizo palikuwa patupu. Sasa kuna makaburi kumi na manne. Baada ya vita, Waislamu wa kijiji hicho, wajukuu wa Wahindi waliokuja kufanya kazi kwenye visima vya mafuta, walianza kuzika hapo. Makaburi kumi na matatu yamelala kaskazini kwenda kusini, wenyewe wametazama machweo. La kumi na nne limekatiza, kama mtu aliyelala vibaya kitandani. Nililiona kutoka mbali, na sikuhitaji kuuliza. Duniani hapa hakuna mtu mwingine ambaye angelichimba vile isipokuwa mtu wa kwetu.

Mwangalizi wa makaburi anaitwa Mzee Yusuf. Nilimsemesha Kihindi changu cha hospitali, nikamwuliza yule pale ni nani. Akasema, "Huyo si wetu. Tulimkuta. Baba yangu alisema labda ni Mchina." Kila Ijumaa baada ya sala wanakuja kuwasalimia maiti wao, kaburi moja moja. Wakifika kwa Ogle wanamzunguka, wanapita. Ogle, aliyekuwa akiniamsha kila alfajiri kwa kunivuta sikio niswali. Hajapewa salamu hata moja kwa miaka hamsini na moja, kwa sababu ya mkono wangu. Nilikaa chini nikalia mbele ya watu wote, na sioni haya kukuandikia.

Nilipomweleza Yusuf, naye aliketi. Anasema makaburi ni yao na ruhusa ni yao. Afisa anasema kuchimba kunahitaji kibali kutoka mjini. Nimemwambia alete kibali au alete askari, mimi sitoki. Meli inaondoka Ijumaa asubuhi, na ikibidi iondoke bila mimi.

Lakini kuna jambo moja. Sasa mama yako anajua, na mkono wangu hauinuki kabla hajasema. Mwulize. Akisema nimwache, nitamwacha, ingawa nitakufa na uchungu.

Baba yako,
Abdilatif


Garissa
Alhamisi, 21 Novemba 1996

(Aabo, haya ni maneno ya Hoyo. Anasema Kisomali, mimi naandika Kiswahili ili usome mwenyewe bila kumtafuta mtu. Siongezi wala sipunguzi. Amekaa hapa anaitazama kalamu yangu. R.)

Abdilatif,

Mtu anayekwenda kutibiwa macho hachukui viatu vya jeshi. Nilijua siku uliyoondoka kwamba unadanganya. Sikujua tu ni kuhusu nini.

Mwaka ule tuliokaa Wajir mjini, Salah akiwa hajaota meno, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa alikuwa rafiki yangu. Siku moja aliniambia kwamba kwao India wanaswali kuelekea jua linapotua. Nikamwuliza Bama je. Akasema Bama iko mbele zaidi ya kwao, upande ule ule. Nilikwenda nyumbani nikachora mchangani: hapa Maka, hapa sisi, hapa wao. Nikajua Ogle amelala vibaya. Nimejua miaka arobaini na zaidi. Nilidhani wewe hujui. Nilikuona ulivyokuwa ukimtaja, nikasema huyu akijua ataumia, acha nijue mimi peke yangu. Nikanyamaza kwa ajili yako, na wewe ukanyamaza kwa ajili yangu, na Ogle akabaki vile vile. Hilo limenikasirisha siku tatu, ndiyo maana sikusema.

Limenikasirisha na jingine. Salah ana sheikh, wewe una koleo, na kila mmoja anapigana na mwenzake juu ya mume wangu. Hakuna aliyeniuliza mimi mpaka binti yangu alipokataa kunyamaza. Ogle alikuwa mume wa nani?

Salah alikuja kunieleza dini. Nikamwambia amlete huyo sheikh anieleze mwenyewe. Amekuja leo. Nikamwuliza, "Wale wanaopita bila kumsalimia, nani atawaambia kwamba ni Mwislamu?" Akasema alichosema ndicho kilichoandikwa, lakini habari ya wale wapitao hakuambiwa. Akanywa chai akaondoka, na hakurudia kukataza.

Mgeuze. Sikuombi, nakuagiza. Mfunike na nguo wakati wa kumhamisha, wenye kamera wasimwone. Huyo afisa mwambie mke wa marehemu ametoa kibali.

Na ile nafasi ya Hija, nimeichukua mimi. Salah atanisindikiza. Amekubali.

Fatumo
(alama ya kidole chake)


Bagan
Jumamosi, 23 Novemba 1996

Fatumo,

Imekuwa kama ulivyoagiza.

Meli iliondoka jana asubuhi. Bi Helen alibaki nami, akasema baba yake angemkemea kama angemwacha mtu wake ukingo ule mara ya pili. Nilimsomea afisa maneno yako, Bi Helen akayageuza Kiingereza. Afisa alitoa kalamu. Akaandika jina lako kwenye daftari lake, akaniuliza linavyoandikwa, kisha akakaa chini ya mti akatugeuzia mgongo mpaka tulipomaliza.

Yusuf na watu wake walichimba kaburi jipya pembeni, kaskazini kwenda kusini. La zamani nilianza mwenyewe, nikafika magotini, wakanitoa kwa nguvu. Ardhi ile ni kavu. Alikuwa amelala kama nilivyomlaza, hakuna kilichopotea. Nilifungua kilemba changu tukamfunika. Nilimhamisha kidogo kidogo kwa mikono yangu, hakuna aliyeniharakisha. Kichwa kaskazini, uso machweo. Nilipofukia nilihisi mikono yangu ni myepesi, nikaogopa.

Ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala walikuja wote kama kawaida yao, wanaume kumi na mmoja, wakaanza mwanzo wa safu. Walipofika kwa Ogle walisimama. Yusuf akamtolea salamu kwa jina lake, nao wakaitikia. Nilitamani ungesikia.

Sasa niseme lililobaki. Nimelikimbia maisha yangu yote na sitaki kulikimbia tena. Ulikubali kuolewa nami kwa sababu uliamini nilimzika mume wako inavyopasa. Nilikupata kwa uongo. Watoto wetu, nyumba yetu, yote yamesimama hapo. Ukitaka kuniacha, sitabisha, wala sitamruhusu Salah abishe.

Abdilatif


Garissa
Jumatatu, 25 Novemba 1996

(Hoyo tena. Alicheka kabla ya kuanza, kisha hakucheka. R.)

Abdilatif,

Umefanya vizuri. Mungu akulipe, na awalipe Yusuf na watu wake. Nimechinja mbuzi, Salah ndiye aliyemshika, na nyama imekwenda kwa majirani. Shamso amekula paja zima.

Ati nilikukubali kwa ajili ya kaburi. Abdilatif, walioniposa walikuwa watatu. Mmoja alikuwa na mama mkali, mmoja alikuwa na mke mkali. Wewe mama yako alikuwa amekufa na ngamia wako walikuwa na maziwa. Ulipoanza kunieleza habari za kaburi nilikuwa nimeshaamua, nilikuwa nangoja unyamaze. Sikuachi. Nina miaka sabini, nikuache niende wapi?

Lakini kuna kitu nilikuuliza siku ile na umesahau, au unajifanya umesahau. Nilikuuliza Ogle alisema nini kabla ya kufa. Ukasema hakusema kitu, ukatazama pembeni. Sasa nimejua unavyodanganya, najua unatazama wapi. Kama na huo ulikuwa uongo, niambie. Sitalia mbele ya watoto.

Fatumo
(alama ya kidole chake)


Nairobi
Alhamisi, 28 Novemba 1996

Fatumo,

Ruweyda, msomee mama yako karatasi hii, kisha utoke nje.

Naandika kwa sababu uso kwa uso nitatazama pembeni tena. Alisema. Baada ya kujeruhiwa aliishi muda wa kutosha mtu kuchemsha chai. Alikuita jina lako mara tatu, na mara ya tatu alidhani mimi ni wewe, akanishika mkono. Nikauacha mkononi mwake. Akaniambia, "Fatumo, umefika," akafa ameushika.

Kibla nilikosea kwa kutojua. Hili nililificha nikijua. Nilikutaka tangu siku ya harusi yenu, nilipokuwa nawashikilia ngamia wa wageni na siwezi kutazama kwingine. Niliporudi niliona kwamba ukijua alikufa akidhani uko naye, hutabaki na nafasi ya mtu mwingine. Kwa hiyo nilikunyima neno lako la mwisho kutoka kwake, nikalikalia miaka hamsini. Lilikuwa lako. Nimelirudisha.

Siombi msamaha kwa mashine. Basi la msafara linafika kesho alasiri, nami nitatembea kwa miguu yangu mpaka Galbet. Kama utaufunga mlango, ufunge. Nitatandika mkeka nje na sitaondoka, wala usimtume Salah kunishawishi.

Abdilatif